Wadudu Wadogo wa Udongo Katika Misitu Yetu: Jinsi Wanavyotambuliwa na Kupewa Majina

Mkaazi anayepita kando ya msitu wa Ngangao, Mbololo au Chawia huona miti mirefu, husikia ndege na huhisi ubaridi wa ukungu. Wageni nao huja Taita Taveta kumtafuta Turdus helleri, ndege mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, au kuliona ua dogo la zambarau la Mbololo, Saintpaulia teitensis. Ni wachache wanaotazama chini, kwenye majani makavu wanayoyakanyaga.

Ndani ya majani hayo, na katika mboji iliyo chini yake, wanaishi mbawakawa wadogo sana. Wengi hawafiki urefu wa milimita tatu. Baadhi yao hawana mabawa ya kurukia na wengine hawana hata macho. Kwa sababu hawawezi kusafiri mbali, huishi na kufa palepale walipozaliwa. Msitu wao ukiondoka, nao huondoka.

Makala haya yanaeleza wadudu hawa ni akina nani, wataalamu huwatofautisha vipi, na kwa nini kazi hiyo inamhusu mkaazi anayelima, anayepanda miti au anayeishi karibu na msitu katika kaunti hii.

Mbawakawa ni mdudu gani?

Mbawakawa ni mdudu ambaye mabawa yake ya mbele yamekuwa magumu kama gamba. Gamba hilo hufunika mgongo na kuyalinda mabawa laini ya nyuma, kama yapo. Fukusi anayetoboa mahindi ghalani ni mbawakawa. Dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita Osama, ni mbawakawa. Hata yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi anayeitwa Nairobi fly, ambaye akipondwa juu ya ngozi huacha malengelenge, si nzi bali ni mbawakawa.

Duniani kote, wanasayansi wameshazipa majina spishi zaidi ya 350,000 za mbawakawa. Spishi ni aina moja ya viumbe wanaozaana wao kwa wao, kama vile mbuzi ni aina moja na kondoo ni nyingine. Hakuna kundi lingine la wadudu lenye spishi nyingi zenye majina kuliko hili.

Katika udongo wa msitu, makundi matatu ya mbawakawa hupatikana mara kwa mara.

Kundi la kwanza ni familia ya Staphylinidae, ambayo ndiyo familia ya Nairobi fly. Gamba lao ni fupi, linaishia katikati ya mgongo na kuacha tumbo wazi. Familia hii ina spishi zaidi ya 60,000. Ndani yake mna tawi linaloitwa Pselaphinae, lenye karibu spishi 10,000. Hawa wa Pselaphinae ni wadogo, wengi wakiwa na urefu wa kati ya milimita moja na tatu, na huwinda utitiri na wadudu wengine wadogo zaidi kwenye mboji. Baadhi yao huishi ndani ya vichuguu vya siafu na chungu wengine.

Kundi la pili ni familia ya Ptiliidae. Wengi wao hawafiki milimita moja. Mabawa yao, kwa wale walio nayo, ni ujiti mwembamba wenye nywele pembeni kama unyoya. Hula mbegu za kuvu. Mbawakawa mdogo kuliko wote anayejulikana duniani, Scydosella musawasensis wa Amerika, ni wa familia hii. Mdogo zaidi aliyepimwa alikuwa na urefu wa milimita 0.325, karibu sawa na chembe ya chumvi.

Kundi la tatu ni mafukusi wa msituni. Hawa ni jamaa wa fukusi wa mahindi, lakini hawana haja na ghala lako. Hutembea polepole kwenye majani yaliyooza na wengi wao hawaruki.

Kwa nini msitu wa kale?

Msitu wa kale ni ule ambao haujafyekwa ukaisha na kuanza upya. Umesimama mfululizo kwa muda mrefu sana, miti ikizeeka, ikianguka, ikioza na kuwapisha mingine.

Milima ya Taita ni mwanzo wa kaskazini wa safu inayoitwa Milima ya Tao la Mashariki. Safu hiyo inapita Pare, Usambara na Uluguru hadi Udzungwa kusini mwa Tanzania, na sehemu yote iliyobaki, ukiondoa Taita, iko Tanzania. Milima hii hupokea unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Katika vipindi vya kale ambapo hali ya hewa Afrika ilikauka na misitu mingi ikapungua, unyevu huo wa bahari uliisaidia misitu ya milimani kuendelea kuwepo.

Chini ya msitu wa namna hiyo, maisha hayabadiliki sana. Kuna giza, kuna unyevu, na joto halipandi wala kushuka ghafla. Chakula kipo mwaka mzima. Mdudu anayeishi hapo hana haja ya kuruka kutafuta makao mapya, na mabawa ni mzigo unaohitaji chakula kuutunza. Baada ya vizazi vingi mno, baadhi ya jamii za mbawakawa zilipoteza mabawa ya kurukia. Nyingine zilipoteza na macho.

Hapo ndipo hatari ilipo. Ndege akifukuzwa na shoka anaweza kuruka hadi kilima kingine. Mdudu wa milimita moja asiye na mabawa hawezi kuvuka shamba la mahindi lililokauka kwa jua la Januari, wala barabara, wala nyika kati ya mlima na mlima.

Kila mlima na wake

Ukitazama kaunti yetu kutoka juu, vilele vyenye misitu ni kama visiwa. Dawida iko upande mmoja. Mbololo imetengwa nayo na bonde la Paranga. Sagalla iko ng'ambo ya Voi, na Kasigau imesimama peke yake kusini-mashariki. Kati yao ni nyanda kavu.

Mfano unaothibitisha nguvu ya utengano huu tunao hapa nyumbani, ingawa si wa mbawakawa. Katika udongo wa Taita kuna kiumbe asiye na miguu, anayefanana na nyungunyungu mnene, lakini ambaye ni jamaa wa vyura. Jina lake ni Boulengerula taitana, na alipewa jina hilo mwaka 1935. Kwa miaka mingi, yeyote aliyemwona kiumbe wa namna hiyo Sagalla angeweza kudhani ni yuleyule wa Dawida. Mwaka 2005 wataalamu, akiwemo mtafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walionyesha kwamba yule wa Sagalla ni spishi nyingine, wakamwita Boulengerula niedeni. Hapatikani mahali pengine popote duniani. Watu walikuwa wakimchimbua kwa jembe, lakini hadi alipotambuliwa hakuwa kwenye orodha yoyote ya viumbe wa kulindwa.

Kwa mbawakawa, mifano mizuri imetoka kwa jirani zetu wa Tanzania katika safu hiihii. Mwaka 2008 mtaalamu Vasily Grebennikov alichapisha habari za Rioneta wa milima ya Uluguru. Huyu ni wa ile familia ya mabawa ya unyoya, lakini hana mabawa kabisa. Mdudu huyo alipatikana tena baada ya kukaa miaka mingi bila kuonekana, na pamoja naye ikaelezwa spishi ya pili. Mwaka 2017 mtaalamu huyohuyo alitangaza jenasi mpya nzima ya mafukusi wasioruka, inayoitwa Lupangus, kutoka misitu ya Tao la Mashariki. Jenasi ni kundi la spishi zilizo na undugu wa karibu. Kupata jenasi mpya katika misitu iliyotembelewa na watafiti kwa zaidi ya miaka mia moja kunaonyesha jinsi tunavyotazama juu zaidi kuliko chini.

Kutoka udongoni hadi kwenye hadubini

Je, mdudu wa milimita moja anapatikanaje ndani ya msitu mzima? Kazi hufanywa kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuchekecha. Mtafiti huchukua majani makavu na tabaka la juu la mboji, mara nyingi kando ya gogo linalooza au kwenye shina la mti mkubwa. Huyatia katika mfuko wenye wavu ndani na kuukung'uta. Majani makubwa na vijiti hubaki juu ya wavu na kurudishwa palepale. Kinachopita ni unga wa mboji pamoja na wadudu.

Hatua ya pili ni kuwatenga wadudu na mboji. Njia inayotumika zaidi ilibuniwa na Mwitaliano Antonio Berlese mwaka 1905, kisha ikaboreshwa na Albert Tullgren wa Sweden, aliyeongeza taa. Mboji huwekwa juu ya wavu ndani ya faneli, na taa huwashwa juu yake. Mboji inapokauka kutoka juu, wadudu hukimbia joto na mwangaza, huteremka na hatimaye huanguka kwenye chupa iliyo chini. Mahali pasipo na umeme, mboji hutiwa katika mifuko ya wavu inayoning'inizwa ndani ya mfuko wa kitambaa kwa siku kadhaa, ikakauka yenyewe.

Hatua ya tatu ni kuwahifadhi katika spiriti na kuweka lebo. Lebo huonyesha mahali hasa, urefu kutoka usawa wa bahari, tarehe, aina ya msitu na jina la aliyekusanya. Mdudu asiye na lebo ni kama cheti cha kuzaliwa kisicho na jina wala tarehe. Hata awe adimu vipi, hawezi kutusaidia kujua alitoka wapi.

Hatua ya nne ni kupanga. Chupa moja inaweza kuwa na mamia ya viumbe: utitiri, chungu, buibui, jongoo wadogo, mabuu na mbawakawa. Mtaalamu huwatenga mmoja mmoja chini ya hadubini, kifaa kinachokuza vitu visivyoonekana vizuri kwa macho, akitumia brashi nyembamba ya manyoya.

Sare moja, jamaa tofauti

Kuwatenga mbawakawa na buibui ni rahisi. Kazi ngumu ni kutofautisha mbawakawa mmoja na mwingine.

Fikiria watoto wa shule wakiwa wamesimama gwarideni. Wote wamevaa sare moja, na mgeni anayewatazama kutoka mbali hawezi kujua nani ndugu ya nani. Udongo nao huwavalisha wadudu sare. Mbawakawa wa koo mbalimbali, walipozoea maisha ya gizani, wote walikuwa wadogo, wa rangi ya kahawia, wenye macho madogo au bila macho, na bila mabawa. Kufanana huko hakutokani na undugu. Kunatokana na mahali wanapoishi.

Kwa hiyo mtaalamu hawezi kuamua kwa rangi au ukubwa. Huuliza maswali madogo madogo. Je, gamba limefunika mgongo wote au limeishia katikati? Vipapasio vina pingili ngapi, na zile za mwisho zimevimba kama rungu? Wayo wa mguu una pingili ngapi? Kuna vishimo kwenye kichwa au kifua, na viko wapi? Kila jibu hufunga mlango mmoja na kufungua mwingine, mpaka familia na jenasi vijulikane.

Kufikia spishi huhitaji zaidi. Kwa mbawakawa wengi wadogo, alama inayotegemewa sana ni umbo la kiungo cha uzazi cha dume, ambacho huwa ndani ya tumbo. Umbo hilo hutofautiana kati ya spishi na spishi hata pale ambapo mwili wa nje unafanana kabisa. Mtaalamu hulazimika kukitoa kwa sindano nyembamba sana, kukisafisha na kukichora. Mdudu mmoja anaweza kumchukua sehemu kubwa ya siku.

Kuna tatizo lingine. Buu la mbawakawa halifanani na mzazi wake, na mara nyingine jike halifanani na dume. Mtu anaweza kuwapa majina mawili viumbe ambao ni baba na mtoto.

Hapa DNA imesaidia sana. Mwaka 2003 Paul Hebert wa Kanada na wenzake walipendekeza kutumia kipande kifupi cha DNA, chenye takriban herufi 650, kama alama ya kutambua wanyama. Mguu mmoja wa mdudu unatosha kwa kipimo hicho. Buu na mzazi wake hutoa herufi zinazolingana, na hivyo huunganishwa. Wadudu wawili wanaofanana kwa macho lakini wenye herufi zinazotofautiana sana humfanya mtaalamu arudi kwenye hadubini kutazama tena.

Hata hivyo, DNA haimalizi kazi. Inaweza kuonyesha kwamba mdudu wa Mbololo na yule wa Ngangao si mamoja. Haiwezi kusema yupi kati yao tayari ana jina. Kwa hilo, lazima mtu afungue kabati la makavazi.

Jina linatolewaje?

Mfumo wa majina tunaoutumia ulianzishwa kwa wanyama na Carl Linnaeus wa Sweden katika kitabu chake cha mwaka 1758. Kila spishi ina jina lenye sehemu mbili. Ya kwanza ni jenasi, ya pili humtofautisha na ndugu zake. Neno kama taitana au teitensis katika sehemu ya pili lina maana ya "wa Taita". Kwa njia hiyo, jina la milima yetu limo katika vitabu vya sayansi duniani kote.

Anayetaka kutoa jina jipya hana budi kufuata kanuni za kimataifa. Kwanza huhakikisha kwamba hakuna aliyemtangulia, kwa sababu jina la kwanza lililochapishwa kwa utaratibu ndilo hushinda. Kisha huandika maelezo, huchora au hupiga picha, na kueleza spishi hiyo inatofautianaje na zinazofanana nayo. Mwisho huchagua mdudu mmoja awe kielelezo rasmi cha jina hilo. Kielelezo hicho huwekwa katika makavazi, na yeyote duniani mwenye shaka huenda kukitazama.

Kwa Kenya, mkusanyiko mkuu wa wadudu uko katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Lakini vielelezo vingi vya zamani vya Afrika Mashariki viko Ulaya. Katika miaka ya 1970, Volker Mahnert na Jean-Luc Perret wa makavazi ya Geneva nchini Uswisi walifanya safari za kukusanya wadudu wa udongo hapa Kenya, zikiwemo sehemu za milima ya Taita. Mahnert mwenyewe alikuwa bingwa wa viumbe wadogo wanaofanana na nge lakini hawana mkia. Mbawakawa waliopatikana katika chupa hizo waligawiwa wataalamu wa makundi mengine. Ndivyo kazi hii ilivyo: udongo uliochekechwa mchana mmoja unaweza kuwapa wataalamu kazi ya miaka mingi.

Majina ya makundi nayo hubadilika, na mkaazi asishangae akikuta vitabu viwili vinavyopingana. Kwa muda mrefu Pselaphinae walihesabiwa kuwa familia inayojitegemea. Mwaka 1995 waliingizwa katika familia ya Nairobi fly. Mwaka 2009 kundi lingine la wadudu wa mboji, lililoitwa Scydmaenidae, liliingizwa katika familia hiyohiyo baada ya watafiti kulinganisha maumbo ya mabuu na ya wazazi. Wadudu wenyewe hawakubadilika. Kilichobadilika ni ufahamu wetu wa nani ndugu ya nani.

Inatuhusu nini?

Swali hili ni la haki. Kaunti ina mahitaji ya maji, barabara, chakula na malisho. Kwa nini mtu ashughulike na mdudu asiyeonekana?

Sababu ya kwanza ni kwamba kiumbe asiye na jina hawezi kulindwa. Kabla ya mradi mkubwa kuanza, sheria hutaka tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini hiyo huorodhesha viumbe waliopo. Orodha za kimataifa za viumbe walio hatarini nazo huandikwa kwa majina. Ikiwa mdudu hana jina, hayumo kwenye orodha, na anayetaka kufyeka anaweza kusema kwa uaminifu kwamba hakuna kitakachopotea.

Sababu ya pili ni kwamba wadudu hawa ni mashahidi. Mti wa miaka 30 unaweza kuufanya msitu uonekane wa zamani. Mbawakawa asiye na mabawa hadanganyi hivyo. Akipatikana hapo, ni dalili kwamba kivuli na unyevu wa mahali hapo havijakatika kwa muda mrefu. Hivyo anaweza kutusaidia kuamua ni kipande gani cha msitu kisiguswe kamwe, na ni kipi kinaweza kurekebishwa.

Sababu ya tatu inahusu upandaji wa miti. Kwenye vilima vyetu ipo misonobari, misaiprasi na mikaratusi iliyopandwa. Miti hiyo ina faida zake za mbao, nguzo na kuni. Lakini chini yake mboji ni tofauti na ile ya msitu wa asili. Msitu wa Ngangao una takriban hekta 120 tu, na Mbololo takriban 200. Tukiupoteza mmoja wapo kisha tukapanda miche maradufu, tutapata miti. Hatutapata wadudu wa udongo waliokuwepo, kwa sababu hakuna njia ya wao kurudi.

Sababu ya nne ni kazi yao. Pamoja na kuvu, bakteria, utitiri na nyungunyungu, wao ni sehemu ya jamii inayogeuza majani yaliyoanguka kuwa udongo unaoshika maji. Hatudai kwamba spishi moja ikipotea chemchemi itakauka kesho. Lakini udongo wa msitu ni kazi ya wengi, na kila kundi lina sehemu yake.

Mkaazi afanye nini?

Kwanza, usichote udongo wa msitu. Wapo wanaobeba mboji ya msituni kwa magunia ili kujazia mifuko ya miche au kurutubisha shamba. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, mazao ya msitu si mbao na kuni pekee, na kuyachukua katika msitu wa umma kunahitaji kibali. Mboji ya kitalu inaweza kutengenezwa nyumbani kwa majani, samadi na mabaki ya jikoni.

Pili, acha magogo yaoze. Gogo lililolala msituni ni makao ya viumbe wengi kuliko mti uliosimama unavyoonekana kuwa nao. Hata kwenye shamba lako, ukiwa na kichaka cha miti ya asili kando ya mto, yaache majani yake chini. Usiyafagie na kuyachoma.

Tatu, jihadhari na moto wakati wa kutayarisha mashamba. Moto unaopita chini unaweza kuiacha miti mikubwa imesimama, ukawa umemaliza tabaka lote la majani.

Nne, unapopanda miti karibu na msitu, chagua ya asili, na panda kuanzia ukingo wa msitu kwenda nje. Ukanda wa miti unaoshikana na msitu wa kale huwapa wadudu wasioruka njia ya kutembea, hatua kwa hatua. Shamba la miti lililo mbali peke yake haliwapi njia hiyo. Vyama vya jamii vya misitu pamoja na maafisa wa Shirika la Huduma za Misitu, KFS, wanaweza kukueleza miche inayofaa katika wadi yako.

Tano, uliza vibali. Mtafiti halali anayekusanya wadudu au udongo huwa na leseni ya utafiti kutoka NACOSTI na ruhusa ya wanaosimamia msitu husika. Anayetaka kutumia DNA ya viumbe wetu, au kuwapeleka nje ya nchi, hutakiwa pia kupata kibali kupitia NEMA. Kenya iliridhia Itifaki ya Nagoya mwaka 2014, ambayo inasisitiza ridhaa na mgao wa faida kwa nchi na jamii zenye rasilimali hizo. Ukiwaona watu wakibeba udongo na hawana karatasi, mjulishe chifu, afisa wa misitu au ofisi ya wadi. Ukiwaona wana vibali, wape ushirikiano, na waulize ni lini watarudi kueleza walichokipata.

Jaribio la shule

Walimu na wanafunzi wanaweza kuwaona wadudu hawa bila kuingia msitu wa hifadhi. Chukua konzi chache za majani yaliyooza chini ya mti wa uwanja wa shule. Kata chupa ya plastiki ya lita mbili sehemu ya juu, uigeuze iwe faneli, na uweke kipande cha wavu ndani. Chini yake weka kikombe chenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Tia majani juu ya wavu, kisha angika taa ya meza juu yake, isiguse majani wala plastiki. Mwalimu awepo muda wote taa inapowaka. Mahali pasipo na umeme, weka faneli juani kwa saa chache.

Wadudu wakianguka, watazame kwa kioo cha kukuza. Wahesabu wenye miguu sita na wenye miguu minane. Miongoni mwa wenye miguu sita, tafuta walio na gamba mgongoni. Hao ni mbawakawa. Wachore, andika mahali na tarehe, kisha warudishe kwenye majani walikotoka.

Mwanafunzi atakayefanya hivyo chini ya mwembe wa shule, kisha chini ya mkaratusi, na kulinganisha hesabu zake, atakuwa amefanya kazi ileile wanayoifanya wataalamu. Milima ya Taita inahitaji watu wa namna hiyo, wazaliwa wa hapa, watakaoijua misitu hii kuanzia vilele vya miti hadi chini ya majani makavu, na kuyatoa majina yaliyobaki kabla wenye majina hayo hawajatoweka.